Mkokoteni Uliolala Chini ya Ngazi

Hadithi hii ukimsimulia mtu atakugusa paji la uso aone kama una homa. Mimi mwenyewe, ambaye nimeona mengi na mengine nimeyaona zaidi ya yalivyokuwa, kuna siku naamka najiuliza kama kweli ilitokea. Ni habari ya mtu aliyebeba mawe ya kuizibia njia yake mwenyewe, akayabeba huku anapiga mluzi, na aliyemchorea pa kuyaweka ni mtoto wake wa kumzaa, tena mwenye akili kuliko wote waliowahi kutoka mtaa wetu, ukiniondoa mimi.

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Sisi wote tunamwita Rula. Ndiye ninayeandika habari zake, na hivi ninavyoandika amekaa hapo nje ya kibanda changu, juu ya mkokoteni wa baba yake, anamenya chungwa na kujifanya hasomi. Anasoma. Karatasi moja ikijaa anaivuta. Nimemwambia asahihishe herufi tu, mambo ya ukweli aniachie mwenyewe.

Jina la Rula lilitokana na kazi ya mama yake, yaani dada yangu, ambaye ni fundi wa nguo. Nyumba ya fundi wa nguo haikosi utepe wa kupimia, na huyu mtoto, wenzake walipokuwa wanalilia wanasesere, yeye alilia apewe utepe. Akapima meza. Akapima paka, paka akakimbia na utepe shingoni. Siku moja nimelala zangu mchana, nafungua macho, namkuta ananipima tumbo. Akanitazama kwa huruma akasema, "Mjomba, umezidi mlango." Nikajua huyu atakuwa injinia au atakuwa adui yangu. Akawa vyote viwili.

Baba yake, shemeji yangu, alikuwa mtu wa mkokoteni. Mtaa wetu umejengwa kwenye mteremko. Barabara ya lami iko chini, na nyumba zimepanda kwenda juu zimeshikana kama watu wanaoogopa kuanguka. Gari haliingii. Kila kitu kilichowahi kufika huko juu, kitanda cha maharusi, mabati ya paa, friji ya mwenye duka, kilipanda mgongoni kwa mtu au kilipanda kwenye mkokoteni wa shemeji yangu. Watu walimwita Breki, kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nayo. Alifunga kipande cha tairi kuukuu kwa nyuma, na akishuka na mzigo anajilaza mpaka mgongo unakaribia kugusa ardhi, uzito wote kauweka juu ya kile kitairi, vumbi linatimka, naye anapaza sauti, "Pisha! Pisha wenye miguu!" Watu wanaruka, kuku wanaruka, yeye anapita anacheka.

Kupanda ilikuwa habari nyingine. Kupanda alikuwa hasemi. Anaingia katikati ya ile mikono miwili ya mbao, anainamisha kichwa, anaukata mteremko kwa mshazari, kushoto, kulia, kushoto, kama nyoka anayetafuta kivuli, maana ukiupanda wima unakurudisha ulikotoka. Nyumba yao iko katikati ya mteremko. Jioni mkokoteni ulilala pale, umeegemea ukuta chini ya dirisha la chumba cha mtoto, na mtoto alikuwa halali mpaka asikie mbao zimegusa ukuta. Hiyo siiongezi chumvi, muulize mama yake.

Mimi na shemeji yangu tuliishi kwa utani. Namwambia, "Shemeji, leo punda wako yuko wapi?" Ananijibu, "Nimemwacha kibandani anatengeneza redio." Kibanda changu kipo hapa chini, ukingoni mwa lami, na kinaona kila anayepanda na kila anayeshuka. Mimi na shule tuliachana mapema, kwa maelewano ya pande zote mbili, lakini macho hayahitaji cheti.

Rula alikwenda shule amekaa juu ya mkokoteni ule, begi mapajani, soksi nyeupe zimening'inia. Wenzake wakamwita mtoto wa mkokoteni. Akawaambia angalau yeye ana dereva. Ulimi huo ameutoa kwangu. Hesabu pia aliitoa kwangu, ingawa walimu wake wana maelezo yao.

Basi, akasoma. Akapita shule, akapita chuo, akawa injinia wa ujenzi, na bado hakushiba, akarudi chuoni kuchukua shahada ya pili. Baba yake alipoambiwa kuna shahada ya pili akauliza, "Kwani ile ya kwanza imeharibika?" Lakini akipita na mzigo mbele ya kibanda changu na akaona nina wateja, anasimama makusudi, anafuta jasho, anauliza kwa sauti kubwa, "Shemeji, hivi ile ya pili inaitwaje vile?" Anajua inavyoitwa. Anataka niitaje mimi, mbele za watu. "Inaitwa ya uzamili," nasema. "Haa," anasema yeye, "ya uzamili." Anainua mikono ya mkokoteni, anaondoka, na mzigo unaonekana umepungua nusu.

Chuo chao kilikuwa na utaratibu mmoja. Wanafunzi wa uzamili wa fani tofauti wanawekwa kundi moja, wanaambiwa waende wakatafute tatizo linalowasumbua watu mitaani, walitatue kwa pamoja. Rula akawaambia wenzake wasisumbuke kutafuta, tatizo analo, amelelewa nalo. Akaja nao. Mmoja kijana mrefu wa sosholojia, ukiitikia salamu yake anataka kujua kwa nini umeitikia hivyo. Huyo tukamwita Maswali. Mwingine mwanamke aliyekuwa muuguzi kabla ya kurudi kusomea afya ya jamii, mtu wa vitendo, akikutazama unajisikia umelazwa. Huyo tukamwita Sista.

Na tatizo lilikuwapo kweli. Mvua ikinyesha mteremko wetu unakuwa sabuni. Wazee walivunja mikono, watoto waliacha meno, wajawazito walishushwa wamekalishwa kwenye kiti, vijana wanakibeba huku wanabishana nani atangulie. Dada yangu mwenyewe aliteleza akaumia nyonga, na tangu siku hiyo hakushuka tena. Wateja walimpelekea vitambaa juu huko huko. Soko alilisikia kwa majirani, na dunia aliisikia kwa redio niliyomtengenezea, ambayo ilishika stesheni za nchi ambazo hazijagunduliwa.

Sebule yake ikageuka ofisi. Cherehani upande huu, wasomi upande ule. Mimi nilikuwa napanda jioni kunywa chai na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba. Mwanzoni walikuwa hawaelewani kabisa, kila mmoja na lugha yake.

"Huu mteremko umezidi nyuzi zinazokubalika," Rula anasema.

"Mimi nyuzi sizijui," Sista anajibu. "Mimi najua nyonga. Nyonga za wanawake wa hapa zimekwisha."

"Lakini tumewauliza wenyewe?" Maswali anaingilia. "Nani kasema ni tatizo?"

"Mtu kavunjika mkono, umuulize nini?"

"Nimuulize anauonaje huo mkono."

"Anauona umevunjika!" dada yangu akapaza sauti kutoka kwenye cherehani, na sisi wote tukacheka mpaka chai ikatupalia.

Lakini taratibu wakafundishana. Sista akaanza kusoma ramani. Rula akaanza kusalimia watu kabla ya kupima milango yao. Maswali akajifunza kushika ncha ya utepe bila kuuliza kwa nini ni yeye. Ilikuwa raha kuwaona, vijana watatu wameinamia karatasi moja, huyu anafuta, yule anachora, huyu anasema hapana, hapo mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupita. Nilisema siku ile, na nasema tena, kama viongozi wangekaa hivyo sebuleni kwa dada yangu, dunia ingenyooka.

Wakajiwekea kanuni zao za kazi, wakazibandika ukutani juu ya cherehani. Kanuni moja aliileta Maswali, wenzake wakaikubali, na chuo kikaisifu: ndugu wa mtafiti hahojiwi. Sababu yake ni kwamba ndugu atakwambia unachotaka kusikia, na mtaa utasema mradi ni wa ukoo fulani. Ni kanuni nzuri. Mpaka leo sijapata pa kuipingia, na mimi napinga mambo mengi, mengine bila kuyasikia.

Maswali akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Siku alipofika upande wa kwao Rula, Breki hakushuka kazini. Alivaa shati lake jeupe, lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Akatoa kiti nje, akakaa, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Maswali akatoka nyumba ya jirani wa kushoto, akamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, mzee," akapita, akabisha hodi kwa jirani wa kulia.

Breki akamfuata kwa macho. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama na ramani yake.

"Kanisahau?"

"Hapana, Baba. Wewe huhojiwi. Wewe ni wangu."

"Kwani wako hana mdomo?"

"Ni kanuni, Baba. Tukikuhoji wewe watasema tumependelea kwetu."

"Na mama yako aliyeanguka?"

"Mama naye hahojiwi."

"Basi nimepiga pasi bure."

"Nani kapiga pasi?" dada yangu akauliza kutoka ndani. "Mikono yako ilishika pasi lini?"

Tukacheka. Yeye ndiye aliyecheka zaidi. "Haya, kanuni ni kanuni," akasema. Akaingia ndani, akavua lile shati, akavaa la kazi, akashuka na mkokoteni wake. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema. Hawakusema nywele za kinyozi zikiachwa zinafika wapi.

Mchoro ulipokamilika, mtaa uliitwa kwenye ukumbi wa shule. Nilikaa nyuma na shemeji yangu, maana wanaume wa mtaa wetu hukaa nyuma ili waweze kutoka. Rula akasimama mbele na kijiti chake. Akaonyesha ngazi pana za mawe na zege kutoka juu kabisa mpaka kwenye lami. Akaonyesha vipumziko vyenye mabenchi, mfereji wa maji kila upande, na chuma cha kushikia kikipita katikati toka mwanzo hadi mwisho. Sista akaeleza habari za mifupa. Maswali akasoma maneno ya watu, na kila mtu akisikia neno lake anamkonyeza mwenzake. Baadaye Rula akaeleza tena, taratibu, kwa Kiswahili cha nyumbani, na ukumbi mzima ukatulia. Watoto walitulia. Mwenye duka, ambaye hajawahi kutulia, alitulia.

Shemeji yangu alikuwa ametazama ule mchoro bila kupepesa.

"Hapo katikati pamepita nini?" akaninong'oneza.

"Chuma cha kushikia."

"Na pembeni?"

"Mifereji."

Akaurudia mchoro kwa macho. Mimi nikadhani hajaona vizuri, macho yake yalikuwa ya mtu wa jua. Rula akauliza kama kuna mwenye swali. Breki akanyanyua mkono. Nilimwona mpwa wangu akishtuka kidogo, kisha akatabasamu, akasema, "Karibu, mzee," kwa sababu mbele za watu hakutaka kumwita Baba.

"Mawe," shemeji yangu akasema. "Hayo mawe mtayapandisha na nini?"

"Hilo bado hatujalipanga."

"Mimi nipo."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko na makofi, na yeye akakaa. Alipiga makofi kuliko wote, mpaka nikamshika mkono.

Maneno hayo mawili mpwa wangu anayo mpaka leo. Mimi nipo. Anayageuza kama mtu anayegeuza sarafu mfukoni.

Ofisi ya mji ikakubali, kazi ikaanza. Ngazi zilijengwa kuanzia juu kushuka chini, kwa agizo la Rula, kwa kuwa zikianzia chini vifaa vingekosa pa kupitia. Akili nzuri. Na kweli vifaa vilipita. Mchanga, saruji, kokoto, mawe makubwa kama vichwa vya ng'ombe, vyote vilipanda kwa mkokoteni wa Breki, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yule. Alikuwa anapiga mluzi wakati wa kupanda. Wakati wa kupanda! Mtu aliyekuwa anapanda kimya maisha yake yote. Akifika juu anamkuta binti yake amevaa kofia ngumu, anawaelekeza mafundi, na anamwuliza mbele yao, "Injinia, nimwage wapi?" Naye anamwonyesha, "Pale, mzee." Anamwaga. Wanatazamana kama wezi walioelewana.

Kila wiki ngazi zikashuka kidogo, na kila wiki safari ya mkokoteni ikawa fupi. Mwanzo anafika juu kabisa. Baadaye anaishia kwa mwenye duka. Baadaye anaishia chini ya nyumba yake mwenyewe, na mkokoteni akaanza kuulaza chini, kwenye mawe, karibu na mlinzi wa vifaa. Tulisema anafanya hivyo ili awahi asubuhi. Sisi ndio tuliosema.

Halafu siku ikafika ya jiwe la mwisho, hapa hapa mbele ya kibanda changu. Mafundi wakapiga zege, wakanawa mikono, wakaondoka wakiimba. Jua lilikuwa bado lipo. Mlinzi wa vifaa alikuwa amefungasha, mawe yamekwisha, sehemu ya kulaza mkokoteni haipo tena. Breki akaushika mkokoteni kama alivyoushika siku zote: akainua ile mikono miwili, akageuza uso kuelekea nyumbani.

Gurudumu likagusa ngazi ya kwanza. Likasimama.

Hakusukuma. Alisimama tu, ameshika mikono ya mkokoteni, anatazama juu. Na juu, nje ya nyumba yao, walikuwa wamesimama Rula na Sista na Maswali, wamekuja kuangalia ngazi zinavyoonekana zikiwa nzima. Walikuwa wanacheka jambo fulani. Nilimwona mpwa wangu akimpungia baba yake mkono. Kisha nikaona mkono unashuka polepole. Kofia ngumu akaivua. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini mtoto aliyekuwa anapima paka alipima umbali ule kwa macho, kutoka gurudumu mpaka ukuta chini ya dirisha lake, na akapata jibu.

Akashuka mbio. Nilidhani ataanguka kwenye ngazi zake mwenyewe.

"Baba."

"Ngazi nzuri," shemeji yangu akasema. "Imara."

"Baba, mkokoteni."

"Utalala kwa mjomba wako. Anapenda kampani."

Na mimi nikasema, maana kinywa changu hakina breki kuliko hata huo mkokoteni, "Ulete, nitaufundisha redio." Hakuna aliyecheka. Akauegemeza hapa, ukuta wa kibanda changu, mbao zikagusa, halafu akapanda nyumbani kwa miguu, ameshika kile chuma cha katikati, binti yake nyuma yake.

Msinielewe vibaya. Ngazi zile ni baraka. Mtu haanguki tena. Siku chache baadaye dada yangu alishuka mwenyewe, hatua kwa hatua, ameshika chuma, akafika hapa akakaa kwenye kiti changu cha wateja akalia kama mtoto, akasema lami imebadilika rangi. Wakubwa walikuja wakakata utepe, siyo wa kupimia. Wale vijana watatu wakapata shahada zao na picha yao ikabandikwa chuoni. Yote hayo ni kweli na yote yanastahili.

Lakini mizigo ya mteremko sasa ilipanda mabegani mwa vijana. Breki alijaribu siku moja kubeba gunia begani. Umri ukamkumbusha. Huku chini kwenye lami pikipiki za magurudumu matatu zilishachukua kila kitu kinachokwenda tambarare. Kwa hiyo akaenda kuwa mlinzi kwenye yadi ya mbao, anakaa kwenye kiti kuanzia asubuhi. Mtu aliyekuwa anapaza sauti mpaka kuku wanaruka, akawa anafungua geti. Wateja wangu wakaanza kuukalia mkokoteni wakisubiri redio zao.

Na hakulalamika. Hilo ndilo lililomuua mpwa wangu. Angelalamika angekuwa na la kujibu.

Maswali ndiye aliyerudi kwanza. Alikuwa amepata kazi nzuri mahali pengine, lakini alirudi siku ya mapumziko na karatasi zake, akamkuta Breki amekaa nje ya nyumba.

"Mzee, nimekuja kukuhoji."

"Na kanuni?"

"Nimeiweka kando."

Shemeji yangu akamtazama. "Ngoja," akasema. Akaingia ndani, akakaa huko kwa muda, akatoka amevaa lile shati jeupe. Safari hii halikupigwa pasi. Akakaa, mikono juu ya magoti.

"Mzee, ngazi unazionaje?"

"Nzuri. Mke wangu anashuka."

"Na mkokoteni?"

"Umepumzika. Ulikuwa umechoka."

"Siku ile ukumbini, ulipotazama mchoro, uliona kwamba mkokoteni hautapita?"

Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye ngazi nakula karanga, nikaacha kutafuna. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, cherehani ilikuwa imesimama, na hapakuwa na dada yangu tu nyuma ya lile pazia. Rula alikuwepo. Baba yake alijua yupo, viatu vyake vilikuwa mlangoni.

"Kijana," Breki akasema, "mimi nimeishi mteremko huu tangu sina meno. Sijawahi kuusikia umenyamaza. Siku ile ulinyamaza wote, unamsikiliza mwanangu. Sasa wewe uliyesoma niambie, ningeukatizia wapi?"

Maswali hakuandika. Alikunja karatasi zake, akamshika mzee mkono, akaondoka. Sista aliposikia, walikutana wote watatu sebuleni kwa dada yangu, na safari hii hawakugombania nyuzi wala nyonga. Maswali akasema kosa ni lake, kanuni aliileta yeye. Sista akasema kosa ni lake, alihesabu waliovunjika tu, wazima hakuwatazama. Rula hakusema kosa ni la nani. Alibandua ile karatasi ukutani akaikunja ndogo ndogo, kisha akatandika karatasi nyeupe mezani akachora mstari mmoja pembeni mwa ngazi: njia laini ya gurudumu, yenye kupinda kushoto na kulia kama baba yake alivyokuwa anapanda.

Kuchora ilikuwa rahisi. Kujenga ndiko kulikotoa roho. Ofisi ya mji ikasema ngazi ni mpya, haziguswi. Mfereji mmoja ulitakiwa kufunikwa, jirani mmoja alitakiwa kusogeza ua wake, naye alisema ua huo aliupanda marehemu mama yake. Rula alikuwa ameajiriwa, anaomba ruhusa, anakuja, anabisha hodi, anarudi. Mvua zilikuja zikaenda. Wenzake walikuwa wanakuja wakiweza, halafu wakawa wanapiga simu, halafu wakawa wanauliza tu, "Imefikia wapi?" Na yadi ya mbao ilikuwa pale, na kiti kilikuwa pale, na magoti ya shemeji yangu yalizidi kukizoea kiti.

Lakini njia ilijengwa! Ndiyo hiyo mnayoiona pembeni, watoto wanaiteleza kwa makopo. Na sasa nifike kwenye siku yenyewe, siku ambayo wazee watawasimulia wajukuu. Asubuhi ile mtaa wote ulikuwa umetoka. Wote! Wengine walikuja kutoka miji ya mbali. Maswali alikuja, Sista alikuja, dada yangu amevaa gauni aliloshona mwenyewe. Breki alifika hapa kibandani amevaa shati jeupe, lina pasi. Akaufuta mkokoteni vumbi. Tukaujaza mawe, magunia, na friji mbili, mimi mwenyewe nikiwa juu yake na redio yangu. Akaingia katikati ya ile mikono miwili, akainamisha kichwa, na akaanza kupiga mluzi. Kushoto, kulia, kushoto! Akapita kipumziko cha kwanza hata hakukitazama. Akapita nyumbani kwake, akapita kwa mwenye duka, kuku wanaruka, kinamama wanapiga vigelegele, jasho haliko, miaka imemdondoka njiani kama maganda, akafika juu kabisa, juu kuliko juu, akageuka akatazama chini akavuta pumzi na kwa sauti iliyosikika mpaka chuoni akasema, "Pisha! Pisha wenye mi—"

"Mjomba, weka kalamu chini. Mkokoteni ulikuwa mtupu, na hakufika hata nyumbani. Aliishia kipumziko cha kwanza, akakaa kwenye benchi. Nilikuwa nyuma yake, nasukuma."